Yudea Mbili na Kitambaa cha Zambarau

Mafundi vijana wa cherehani hapa Buffalo wamenisumbua niwaandikie mambo ya kazi, eti nisije nikafa nayo. Ahsanteni kwa kunitakia mema. Nimestaafu mwaka huu wa 2016, macho yamegoma kuona tundu la sindano, na mwanangu ameipandisha cherehani yangu darini ili nisiifikie. Basi nitaandika. Mshahara sitautaja, kwa sababu nao haukuwahi kunitaja. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na ile kesi ya kwaya ya Yudea, ambayo kila mtu mjini anaisimulia kwa makosa.

Nilianza kazi kambini, Kigoma, nikiwa msichana wa Kirundi mwenye kiburi na vidole vinene. Fundi Bukuru alikuwa na cherehani ya kukanyaga chini ya turubai, pasi ya mkaa, na mkasi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata mkewe. Siku ya kwanza alinipa vipande viwili vya kitambaa niviunganishe. Nikashona, nikajisifu moyoni, nikampelekea. Akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, akavuta uzi. Wote ukatoka, srrr, kama wa gunia la mahindi.

"Leonia," akasema, "hii nguo ingemvua mtu kanisani."

Wateja wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikashona tena, akavuta tena, ukatoka tena. Jioni ilipofika nilikuwa nimechoka hata kumchukia. Kesho yake nikarudi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi ya kuchota maji.

Kambini kwaya zilikuwa nyingi kuliko mabomba, na kwaya isiyo na jina la mahali pa Biblia haikuhesabiwa kuwa kwaya. Kulikuwa na Bethania, Sayuni, Kanani, Galilaya. Kundi moja, Warundi na Wakongo mchanganyiko, lilifanya mazoezi nyuma ya turubai letu, na siku moja wakamwomba Fundi Bukuru awape jina. Hakuinua hata macho. "Yudea," akasema, kwa kuwa Galilaya lilikuwa limeshachukuliwa. Wakapiga vigelegele wakasema ni ufunuo. Mimi nilikuwepo, na ninawaambia alikuwa anatafuta kifungo kilichoanguka.

Kwaya zote zilishona sare kwetu, na hapo ndipo nilipopata fundisho ninalowaachia. Jina la kwaya kwenye skafu, alisema Fundi Bukuru, lipige bandi tu, ule mshono mrefu wa mkono wa kushikiza, unaotoka ukivutwa. Usilipige cherehani. Kwaya zinagombana, zinagawanyika, zinaungana, na kila mara wanakuletea skafu zilezile ubadilishe jina. Ukiwa umelipiga cherehani utafumua mpaka kitambaa kitoboke. "Subiri kwanza wamalize kugombana," alisema. Nilimuuliza wanamaliza lini. Akanipa skafu nyingine nifumue.

Mimi nikaja Amerika, mji wa Louisville, tukapewa nyumba za ghorofa mtaa wa Newburg. Fundi Bukuru na familia yake wakaletwa Buffalo, kwenye baridi ya kuvunja meno. Mchana nilifunga maboksi kwenye ghala, Jumamosi nikashona sebuleni. Cherehani yangu ya kwanza ya umeme niliikanyaga kwa nguvu za kambini, nayo ikakimbia na kitambaa pamoja na mkono wa blauzi niliyovaa mwenyewe. Nilikaa nimeshonewa kwenye joho la mchungaji mpaka mwanangu alipotoka shule. Akanicheka kwa Kiingereza. Jirani wa chini naye alikuwa akigonga dari yake kwa mpini wa ufagio kila nilipoanza kushona. Wekeni zulia chini ya cherehani, na mpelekeeni jirani sambusa. Sambusa inazidi zulia.

Satini na nyuzi nilinunua kwa Mzee Saul, Myahudi mwenye duka la vitambaa, mfupi, miwani shingoni, ambaye hakuwahi kuuza mita moja bila kubishana. Ukimwambia kitambaa ni kizuri, anakutajia kasoro zake. Ukitaja kasoro, anakitetea kama mwanawe. Tulielewana sana, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha ghalani, cha "sukuma" na "inua".

Yudea nayo ilikuwa imejikusanya upya pale Louisville, Warundi na Wakongo walewale wa nyuma ya turubai. Waliimba vizuri, nisiwasingizie. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Mama Generosa, Mrundi, kiongozi wa sauti za kwanza, alitaka mapambio yaimbwe polepole. Papa Janvier, Mkongo mpiga gitaa, alitaka watu wacheze. Wakavutana hivyo mpaka kazi zilipofunguka kwenye maghala ya mji wa Columbus na nusu ya kwaya ikahamia huko na Papa Janvier. Wale wa Columbus wakafungua kundi la WhatsApp na kuliita Yudea. Wale wa Louisville walikuwa na kundi lao la WhatsApp, nalo likiitwa Yudea. Kuanzia hapo hawakusalimiana tena.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kila upande ukaniagiza skafu mpya.

Nikaenda kwa Mzee Saul kutafuta utepe wa dhahabu wa kuandikia jina. Akauliza jina gani. Nikamwambia Yudea. Akaweka mkasi mezani.

"Yudea ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Akavuta kiti. Nikajua basi langu limeshanipita.

Alianzia kwa mtoto. Yuda, alisema, kwanza alikuwa mtoto, wa nne wa Lea, yule ambaye mumewe alimpenda mdogo wake. Akampa mwanawe jina la kusifu, kwa kushukuru tu. Mtoto akawa ukoo, ukoo ukawa kabila, kabila likapata milima ya kusini. Sulemani alipokufa ufalme ukapasuka. Wa kaskazini wakaondoka na jina la Israeli, wa kusini wakabaki Yuda, na Benyamini mdogo akimezwa humo ndani. Wababeli wakaja wakahamisha watu. Waajemi wakakuta kaeneo kadogo, wakakaita Yehud. Wayunani na Warumi wakalitamka kwa ndimi zao, ndiyo hiyo Yudea. Mara ilikuwa vilima vya kuzunguka Yerusalemu tu, mara mfalme akipata nguvu inafika mpaka Samaria na Galilaya, mara inarudi.

"Kama lastiki," nikasema.

"Ya bei rahisi," akasema.

Mwisho watu wakaasi, Warumi wakawapiga vibaya, kisha wakaliondoa jina lenyewe kwenye jimbo. Wakaliita Siria Palestina, kwa jina la Wafilisti, majirani waliokuwa wamegombana nao tangu zamani. Wengi husema ilikuwa kuwakomoa. "Kila aliyekuja na askari," Mzee Saul akasema, "alibadilisha kibao cha mlango."

"Na waliofukuzwa?"

"Waliondoka na jina! Mimi naitwa Myahudi kwa nini? Nimezaliwa hapahapa Louisville. Hata ngamia sijawahi kumpanda."

Sasa, fundi ana mkasi na ana mdomo, na vyote viwili vinakata. Nilipompima Mama Generosa kiuno, nikamsimulia jinsi wa kaskazini walivyojiondoa na wa kusini wakabaki na jina. Akanyanyuka na futikamba bado imemzunguka. "Umesikia? Sisi ndio tuliobaki! Hao wengine watafute jina lao." Wiki iliyofuata nikapata lifti kwenda Columbus kuwapima wale. Nikawasimulia, kwa sababu walikuwa wamenipikia sombe nzuri, kisamvu chao, habari ya watu waliohamishwa Babeli.

Papa Janvier akapiga goti lake kofi. "Bon! Mama fundi, sikia. Batu balibafukuza mu inchi yabo, lakini jina balienda nayo. Donc, Yudea iko Columbus."

Kabla sijafika nyumbani, makundi yote mawili ya WhatsApp yalikuwa yanawaka moto. Watu waliokuwa hawajafungua Agano la Kale tangu kipaimara walikuwa wanatumiana Wafalme na Mambo ya Nyakati kama mawe. Mimi nikaendelea kushona pindo.

Nilikuwa nacheka, na ningeendelea kucheka, kama Ester asingepiga simu.

Ester ni binti wa mwisho wa Fundi Bukuru. Nilimshonea gauni lake la ubatizo kutokana na pazia. Sasa alikuwa mtu mzima, akifanya kazi Columbus, akiimba na Papa Janvier. Mchumba wake, Elia, alikuwa Louisville, akiimba na Mama Generosa. Walipendana kabla kwaya haijapasuka, na mapenzi hayakupata taarifa ya kuhama. Arusi ilipangwa kufanyika Buffalo, nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Lower West Side.

Kwetu binti wa kwaya hutolewa mlangoni kwa baba yake kwa nyimbo. Kwaya inasimama nje, inaimba, baba anafungua mlango. Akitolewa kimya, watu huinamisha macho, kwa sababu wanaotoka kimya kwa baba zao ni waliotoroka na waliokufa. Kila Yudea ilidai kuwa ndiyo itakayosimama mlangoni, na kila moja iliapa kwamba ile nyingine ikikanyaga ngazi, yenyewe inarudi ilikotoka. Ndipo Fundi Bukuru alipochoka. Akasema Yudea aliizaa moja. Zikija mbili mlangoni kwake, atamtoa binti yake kimyakimya, na asiulizwe.

"Na Baba akisema hivyo, Mama Fundi, unamjua," Ester akaniambia. Alikuwa analia ile ya kuvuta pumzi. "Nitoke kama niliyetoroka? Mbele ya mama mkwe? Kosa langu nini? Ni kuimba?"

Sikucheka tena. Nilimpenda mtoto yule, na nilijua baba yake hajawahi kurudisha neno, kama alivyokuwa harudishi uzi uliokwisha kukatwa. Nikamwambia, "Nyamaza. Waambie wote waje. Sare nitaleta mimi."

Mama Generosa alipopiga simu kuagiza sare ya arusi, alisema anataka rangi ambayo wale wa Columbus hawatakuwa nayo. Nikamshauri zambarau, rangi ya kifalme. "Usiwaambie," akasema. Papa Janvier naye akapiga, akataka rangi ambayo bale ba Louisville hawatakuwa nayo. Nikamshauri zambarau, rangi ya kifalme. "Usibaambie," akasema. Nilitunza siri zote mbili kwa uaminifu mkubwa. Mzee Saul aliponikatia jora zima aliuliza kwaya hii ina watu wangapi kwani. Nilipomweleza, alicheka mpaka miwani ikamdondoka, akanipa nyuzi bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea duniani.

Sasa mafundi, sikilizeni, kwa sababu hii ni siri ya kazi yetu. Mteja hana nguvu yoyote juu ya fundi mpaka nguo iwe mikononi mwake. Wakipiga simu, sema njoo kesho. Wakija kesho, sema bado vifungo. Watu wanatutukana kwa tabia hiyo tangu sindano iumbwe, na hakuna aliyejiuliza kama labda inatusaidia. Niliwaambia wote kwamba sare hazijaisha, nitamalizia Buffalo, wazichukue asubuhi ya arusi. Wakalalamika. Wakazoea. Nikapakia masanduku mawili makubwa, nikapanda gari la mwanakwaya mmoja ambaye hakuruhusiwa kuyafungua.

Asubuhi ile tulikuwa chini ya kanisa, hatua chache kutoka kwa Fundi Bukuru, kwenye vyumba viwili vinavyotazamana. Louisville waliingia cha kulia, Columbus cha kushoto, bila salamu. Nikasukuma sanduku moja huku, moja kule, nikavuta kiti katikati ya ukumbi mdogo, nikatoa andazi kwenye mkoba.

Kwanza watu wakavaa. Blauzi na mashati viliwakaa kama walivyozaliwa navyo. Kisha nikasikia, chumba cha kulia, "Ala!" Kisha chumba cha kushoto, "Eeh?" Kisha kelele.

Mlango wa kulia ukafunguka. Mama Generosa akatoka na blauzi ya zambarau iliyompendeza sana na sketi iliyokataa kupita magoti. Mama yule Mungu alimjalia nyonga, na sketi ile ilikuwa ya mtu ambaye Mungu alimsahau kidogo. "Leonia! Umenipimia nini hapa, mkono?"

Kabla sijajibu, mlango wa kushoto ukafunguka, Papa Janvier akatoka kashika suruali kwa mikono miwili isimwache. "Mama fundi, iyi pantalo ni ya nani? Ya Goliati?"

Ndipo wakaonana. Zambarau kwa zambarau, kola kwa kola. Mama Generosa akafungua mdomo kunilaani, lakini macho yake yakateremka kwenye suruali.

"Janvier," akasema polepole, "hiyo suruali, kwa kiuno hicho, ni ya mume wangu. Ivue."

"Hapa?"

"We!"

"Na iyo jupe," Papa Janvier akasema, akinyoosha kidole kwenye sketi na suruali ikianza kuteremka, "ni ya bibi yangu Furaha. Utaipasula!"

Mtu akacheka. Nadhani alikuwa mkewe, Furaha mwenyewe, aliyekuwa mlangoni amejifunga sketi ya Mama Generosa ikimzunguka mara mbili. Halafu hakuna aliyeweza kujizuia. Kila mtu alikuwa na sehemu ya chini ya mtu wa upande wa pili, na njia ya kupata yake ilikuwa moja tu: uingie chumba cha adui yako na uulize. Wanawake wa Columbus wakahamia kulia, wanaume wa Louisville wakafukuzwa kushoto. "Nani ana kiuno hiki?" "Nipe mimi!" "Mama Zawadi, umenenepa, Columbus wanawalisha nini?" "Na mtoto yuko salama?" Hayo ya mtoto yalikuwa yameshakaa miaka miwili bila kuulizwa.

Mimi nilikula andazi langu. Walipokuja kunigombeza nikasema macho, wanangu, uzee huu, nimechanganya masanduku.

Muda ulikuwa umekwisha, mapadri wa arusi hawasubiri. Wakatoka mbio, wakifunga vifungo njiani, skafu nimewagawia mlangoni, kila moja imeandikwa Yudea kwa utepe wa dhahabu. Walipanda ngazi za baraza ya Fundi Bukuru kama walivyotoka, Furaha kabanana na Mama Generosa, Papa Janvier karibu na mume wa Mama Generosa, aliyekuwa bado anakagua suruali yake kama imetanuka.

Mlango ukafunguka kidogo. Fundi Bukuru akasimama pale na suti yake. Nyuma yake niliona shela ya Ester. Mzee hakuwatazama nyuso. Alitazama kola, akatazama mishono ya mabega, akaniona mimi chini ya ngazi. Mwanafunzi wake hajawahi kukosea kiuno tangu kambini, na mzee alilijua hilo. Akarudisha macho kwao.

"Nyinyi ni Yudea ipi?"

Mama Generosa akatazama kulia kwake, akatazama kushoto, akatafuta mahali kwaya yake ilipoishia na ile nyingine ilipoanzia. Hakupaona.

"Kwani ziko ngapi, Fundi?" akasema.

Papa Janvier akapiga gitaa. Akalipiga polepole, wallahi, polepole kama anavyotaka Mama Generosa, na ubeti wa pili Mama Generosa mwenyewe ndiye aliyeanza kucheza. Fundi Bukuru akafungua mlango wote. Ester alitoka kwa baba yake kwa nyimbo, analia na kucheka, na jirani Mwamerika wa ng'ambo ya barabara akatoka na kikombe cha kahawa kupiga makofi.

Msije mkadhani walipatana. Jumatatu makundi ya WhatsApp yalikuwa mawili kama zamani, na mpaka leo wanabishana kuhusu nani alisimama mbele. Ila sasa wanasalimiana kwanza ndipo wanabishana, na hicho, kwa wanakwaya, si kidogo. Mimi nikahamia hapa Buffalo kwa mwanangu, anayefanya kazi Amherst, jirani na hapa, na anayeficha cherehani za watu wazima.

Mwaka huu Ester akajifungua mtoto wa kiume. Kila Yudea ikatuma jina lake, na yeye akayakataa yote. Akamwita Yuda. Mama wa Elia nusura azimie. "Iskariote!" akapiga kelele hospitalini. Ester akamjibu kwamba kabla ya yule msaliti, kabla ya kabila, ufalme na Warumi, lilikuwa jina la mtoto ambaye mama yake alikuwa anashukuru, na yeye anashukuru. Nilimsimulia mimi, kwenye simu, wakati ule wa kilio. Kumbe alikuwa anasikia.

Shati la ubatizo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nililishona kwa zambarau iliyobaki kwenye jora la Mzee Saul, jina kifuani kwa utepe wa dhahabu, na nikampelekea babu yake alikague, kwa sababu mazoea yana nguvu. Fundi Bukuru akalileta karibu na dirisha.

"Jina umepiga bandi?"

"Hapana," nikasema. "Cherehani. Mara mbili."

Akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya herufi ya kwanza, kama siku ile chini ya turubai, akavuta. Akavuta tena. Kisha akamwita Ester amlete mtoto avalishwe.